Alamo iliokolewa na nani: aliyetoa hela au aliyejifungia ndani?

Karani wa Kale: Wakuu, naomba tulijadili hili la Alamo, misheni ya zamani ya Wakatoliki pale San Antonio, Texas, iliyokuwa ngome ya Wateksas katika vita vya 1836 vya kujitenga na Mexico. Mwaka 1908 mwalimu Adina De Zavala alijifungia siku tatu ndani ya jengo la watawa pale Alamo ili lisibomolewe. Sherifu akakataza asipelekewe chakula. Miaka michache kabla, Clara Driscoll, binti wa tajiri wa mifugo, alikuwa ametoa hela zake jengo hilohilo linunuliwe. Wote ni wa chama kimoja, Mabinti wa Jamhuri ya Texas. Ila Driscoll alitaka liondolewe ili kanisa la jirani lionekane vizuri. Mwokozi ni yupi?

Mama Tunu: Driscoll, sina haja ya kufikiri mara mbili. Kanisa lilinunuliwa kwa dola 75,000 na hela nyingi zilitoka kwake, wanaume wa Texas wametulia tu. Huyo mwingine alipiga kelele. Ingekuwa kelele zinanunua nyumba, walimu wote wangekuwa na maghorofa.

Bint Shangani: Shikamoo Mama Tunu, lakini hapo kwa walimu umenichoma. Mama yangu kafundisha miaka 31, kastaafu na kikohozi cha chaki. De Zavala alishamfuata mwenye jengo tangu 1892, akaahidiwa kuwa siku ya kuuza ataulizwa yeye kwanza. Hizo ndizo kelele?

Mama Tunu: Marahaba mwanangu. Mama yako sikumtaja. Ila ahadi ya mdomo haina hati.

Fundi Chokaa: Mama, kanisa serikali ya Texas ilishalinunua kwa Wakatoliki mwaka 1883. Hizo 75,000 ni za jengo la watawa, wakati huo duka la jumla, limezungushiwa mbao mpaka mawe hayaonekani. Mwaka 1905 serikali ikamrudishia Driscoll hela zake. Na ule mgongo uliopinda juu ya uso wa kanisa, unaochorwa kwenye kila fulana, uliwekwa na jeshi la Marekani 1850. Vita vya 1836 havikuukuta.

Mtoto wa Bandarini: Ngoja kwanza. Mgongo wa Alamo ni feki?!

Fundi Chokaa: Sijasema feki, nimesema wa baadaye. Usinilishe maneno. Kanisa wakati wa vita halikuwa hata na paa.

Mama Tunu: Kwa hiyo Driscoll alitaka kuangusha jengo la kweli ili watu waone mgongo wa juzi? Hapo mnamwonea. Yeye aliona mbao za duka, akaamini hakuna cha maana nyuma yake.

Bint Shangani: Na mwalimu alimwambia kipo. Hakusikilizwa.

Msema Kweli: Mnabishania mawe. Mexico ilipiga marufuku utumwa 1829, katiba ya Texas ya 1836 ikauhalalisha. Ndani ya ngome ile alikuwemo Joe, mtumwa wa kamanda Travis, akanusurika. Hao akina mama wawili walikuwa wanatunza kumbukumbu ya nani?

Mtoto wa Bandarini: Hiyo fungulia uzi wake, mkuu. Fundi, turudi kwenye mgongo. Picha za vita zenye mgongo zote ni makosa?

Fundi Chokaa: Zote.

Niko San Antonio: Miye naishi huku, nilitoka Bukavu. Kanisani watu wamepanga foleni, wanaume wanaombwa wavue kofia. Hatua chache pembeni kuna hilo jengo, siku hizi wanaliita Kambi Ndefu. Fupi kwa kimo, mawe ya chokaa yamelika, ukipitisha kiganja unatoka na unga mweupe. Nilipita mara tatu bila kujua ni nini.

Fundi Chokaa: Ufupi huo una sababu. Lilikuwa na ghorofa. Gavana Colquitt alitaka likarabatiwe. Mwaka 1913 akiwa nje ya jimbo, naibu wake akaruhusu kuta za juu ziangushwe. De Zavala alisema mapigano makali yalikuwa humo ndani, na wanahistoria wamempa haki.

Mama Tunu: Hilo la 1913 silitetei. Lakini bila hela za Driscoll hata hizo za chini zisingekuwepo, lingekuwa eneo la hoteli. Ndiyo maana alipofariki 1945 mwili wake ulilazwa mle kanisani.

Bint Shangani: Na kuhusu walimu, Mama?

Mama Tunu: Walimu nimekosea, mwanangu. Msalimie mama.

Msema Kweli: Bado sijajibiwa kuhusu Joe.