Naomba ushauri: mume wangu hasikii tena harufu ya udi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naishi Wete, Pemba, na tangu mume wangu alipougua UVIKO-19 mwaka 2021 hasikii harufu yoyote, hata ya karafuu zilizoanikwa majamvini mlangoni petu. Zamani nikijifukiza udi na kuvaa kikuba cha asumini na mrehani, alinijua kabla sijafungua mlango. Sasa hukaa kimya, nami (nasema kwa haya) najihisi mgeni chumbani mwangu. Nimesoma kwamba wapo wanaofanya mazoezi ya kunusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa miezi kadhaa. Je, yupo aliyeyajaribu yakamfaa? Na nyinyi mlioishi sana katika ndoa, sauti na mguso vyaweza kuliziba pengo hili?