Tupeane uzoefu: programu kali ya siku 60 au fupi ya dakika 25 nyumbani, ipi ulidumu nayo?

Wakuu, kwema? Nipo njia panda. Nina programu mbili kwenye simu. Moja ni ya siku 60, siku sita kwa wiki, karibu saa nzima kila siku, kurukaruka mwanzo mwisho. Nyingine ni ya dakika 25, siku tano kwa wiki. Vyuma sina, nina mkeka na nafasi ya kulala nikanyoosha mikono. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na ngazi zimeanza kunihemesha. Maneno ya matangazo nimeshayasoma, sasa namtaka aliyefanya. Ulifika mwisho? Mwili ulisemaje? Nawasilisha.

Jasho Halidanganyi

Ile ya siku 60 niliimaliza, na ningeulizwa leo ningeirudia. Pumzi niliyoipata pale sijaipata kwenye zoezi lingine lolote. Ila nikupe picha kamili. Siku ya kwanza huumwi, unajiona shujaa. Kesho yake na keshokutwa ndiyo unakaa chooni umeshika ukuta. Ukivuka hapo, wiki ya pili inakuja na uchovu wa aina nyingine, mwili hauumi lakini hautaki. Wengi wanakatikia hapo. Mimi sikuwa na mtoto, nilikuwa narudi kazini mapema na nalala kwa muda wa saa nane kamili, na naamini usingizi ulinibeba kuliko moyo wa chuma. Na yule mwalimu wa kwenye video akisema "tunakaribia kumaliza" usimwamini, angalia saa iliyo pembeni ya kioo.

Mama Pacha

Dada zangu mliojifungua, hili hawaliweki kwenye tangazo. Mimi nilianza ile kali wakati wanangu wameshaanza kutambaa. Kila nikiruka, mkojo unachuruzika. Nikawa navaa pedi nafanya zoezi, nikidhani ndiyo kawaida ya mzazi. Mtaalamu wa viungo akanieleza kwamba misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu bado ilikuwa dhaifu, na kuruka kulikuwa kunaiongezea mzigo. Akanipa mazoezi ya kuikaza na kuilegeza, akanitoa kwenye kuruka kwa muda. Nikahamia zile fupi, toleo la kupiga hatua badala ya kuruka. Kule sikuonekana kituko, kila zoezi lina mtu mmoja pembeni anayelifanya kwa upole, nikamfuata yeye. Dakika 25 ndiyo urefu wa usingizi wa mapacha mchana. Kwangu mjadala uliishia hapo, programu ya saa nzima ningeifanyia wapi?

Kilo Mia na Ushee

Mkuu, hujasema una uzito gani, na hilo ndilo swali la kwanza. Kwa mwili wangu kuruka kichura ni adhabu ya magoti, siyo zoezi. Nilichojifunza ni kusikiliza namna ninavyotua. Ukitua kimya, kwa ncha za miguu kwanza na magoti yamekunjika, endelea. Ukisikia "pu!" ujue mapaja yamechoka na goti ndilo linapokea, simama. Nafanya fupi, na burpi (kuchuchumaa, kurusha miguu nyuma, kuirudisha na kuruka juu) nazifanya kwa kurudisha mguu mmoja mmoja. Uzito umeshuka polepole, lakini tusidanganyane, sehemu kubwa imetoka kwenye sahani. Zile habari kwamba zoezi kali linaendelea kuunguza mafuta kutwa nzima zimetiwa chumvi. Kupo kuunguza baada ya zoezi, ila ni kidogo.

Mnyoosha Viungo

Naona "kali" na "fupi" zinawekwa kama maadui, wakati zoezi fupi kuliko yote linaweza kuwa ndilo kali kuliko yote. Chukueni tabata: sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, mara nane, dakika nne zimekwisha. Utafiti wa Izumi Tabata na wenzake uliotoka Japani mwaka 1996 ulifanywa kwenye baiskeli ya mazoezi, na vijana waliozoea michezo, kwa nguvu ya takriban asilimia 170 ya ile inayofikisha mwili kwenye kilele cha matumizi ya oksijeni. Mtu akimaliza hapo hana hamu ya kuongea. Hizi "tabata" za nusu saa na muziki laini ni mazoezi mazuri tu, ila zimeazima jina.

Kipimo cha nyumbani ni mdomo wako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani. Ukipata maneno mawili matatu kabla ya kuvuta pumzi, hiyo ni kali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kali, pamoja na mazoezi ya misuli walau siku mbili. Dakika 25 mara tano ni 125. Ukizifanya kwa kuhema kweli, umo ndani ya kiwango.

Tahadhari moja kwa wanaorukia ile ya siku 60 kutoka kwenye kiti: maumivu ya misuli ya siku mbili tatu ni kawaida. Misuli ikivimba, ikikosa nguvu, na mkojo ukatoka wa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli inavunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu, na figo ndizo zinaelemewa.

Dakika Saba

Mimi hata 25 naona nyingi. Nafanya ile ya dakika saba, mazoezi 12, sekunde 30 kila moja, kupumzika 10. Nikiwa na nafasi narudia mizunguko miwili au mitatu. Kasoro yake, na naona hata hizo zenu mbili zinayo, ni kwamba pushapu zimejaa lakini hakuna kinachovuta. Kifua kinakaza, mgongo umesahaulika, mabega yanakuja mbele. Najazia kwa dumu la maji: nainama, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine unavuta dumu hadi mbavuni. Kwa mtu wa kukaa kutwa usiliache hili.

Jirani wa Chini

Anayeishi ghorofani achague yoyote isiyo na kuruka alfajiri. Nawasilisha kwa niaba ya wote wa chini.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote. Nipo kilo 92, kwa hiyo naanza na ya dakika 25, bila kuruka, siku tatu kwanza, na dumu la maji siku mbili nyingine. Ile ya siku 60 sijaifuta. Mnyoosha Viungo, nitajuaje nipo tayari kuanza kuruka?

Mnyoosha Viungo

Simama mguu mmoja, kaa kwenye kiti polepole kisha inuka, bila goti kuingia ndani. Ukifanya kumi kila upande bila maumivu, anza kuruka kidogo kidogo, siku zisizofuatana.

Jasho Halidanganyi

Na ukifika siku ile ya kupumzika, pumzika. Mimi niliona bora niifidie kwa kukimbia, kifundo cha mguu kikanijibu.