Mliobeba boksi huku mkisoma nje: ile kazi iliwafaa nini mliporudi Kigoma na Tabora? Tupeane uzoefu

Mtoa mada (Mwanga, Kigoma): Wakuu, mdogo wangu kapata chuo Ujerumani. Nyumbani mazungumzo yote ni kibarua gani kinalipa. Mimi naulizia kazi itakayomfaa akishahitimu. Shusheni nondo.

Mwana wa Ujiji: Nimesoma hukohuko. Sisi wa nje ya Ulaya tunaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, kwa hiyo asizimalizie zote kwenye maghala. Kuna kazi wanaziita Werkstudent: kampuni inakuchukua ukiwa bado masomoni, unafanya kitu cha fani yako. Na zile za kusaidia maprofesa chuoni hazihesabiwi kwenye siku hizo. Wabongo wengi hawazigusi, sijui kwa nini. Ila Kijerumani jamani! Watu wanasoma kozi ya Kiingereza wakidhani yameisha, halafu tangazo la kazi linadai lugha. Aanze kujifunza akiwa bado Mwanga. Akihitimu anaweza kupewa miezi 18 ya kutafuta kazi, nayo inayeyuka haraka kama hujuani na mtu.

Dada wa Cheyo (Tabora): Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nilihudumia wazee huku nikisoma afya ya jamii. Kwenye usaili hapa Tabora shahada waliigusa kidogo tu; walikomaa na jinsi nilivyokuwa naandika taarifa za kukabidhiana zamu. Anayetaka kubaki aangalie kalenda: visa ya wahitimu ni miaka 2, lakini watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wenye PhD.

Mgebuka: China, kazi bila idhini ya chuo na uhamiaji ni kutafuta kurudishwa. Nikakomaa na lugha. Leo nakula kwa ukalimani, maana SGR (reli ya kisasa) ya Tabora–Kigoma wakandarasi ni Wachina.

Mtoa mada: Asanteni. Vyeti je?

Dada wa Cheyo: Shahada ataipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe. Barua ya kazi aidai kabla hajapanda ndege: alifanya nini, tangu lini mpaka lini, nani wa kupigiwa. Na iwe ya Kiingereza.

Mtoa mada: Hata ya ghalani?

Mwana wa Ujiji: Hata hiyo. Bandarini Kigoma mzigo wa Kongo unahitaji watu wanaojua kutunza stoo.