Pikipiki ya theluji yenye turbo kwa milima ya Colorado: mkanda wa inchi 154 au 165?

MkaziWaAurora (Colorado)

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Aurora, na msimu ujao utakuwa wa nne kwangu kuendesha pikipiki za theluji milimani. Mashine niliyojifunzia ni ya mtumba, injini yake ni ya sentimita za ujazo 800 isiyo na turbo, na mkanda wake, yaani ule wa mpira wenye meno unaozunguka chini na kuisukuma mbele, una urefu wa inchi 146. Imenifunza mengi, lakini sasa imechoka, nami nimejiwekea akiba ya kununua nyingine, ikiwezekana mpya. Ninakokwenda mara nyingi ni Vail Pass, ambako barabara kuu yenyewe inavuka mlima kwenye mita 3,250 hivi juu ya usawa wa bahari, na Rabbit Ears karibu na Steamboat Springs, kwenye mita 2,870 hivi. Kutoka hapo sisi huzidi kupanda.

Swali langu la kwanza ni kama turbo ya kiwandani inastahili fedha zinazoongezeka, au injini ya 850 isiyo na turbo itanitosha. La pili ni urefu wa mkanda. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue inchi 175 kwa hoja kwamba mkanda mrefu haukwami. Rafiki ninayeandamana naye ana inchi 154 na hataki kusikia habari ya urefu mwingine. Mimi mwenyewe nimeanza kuielekea 165, bila sababu yoyote zaidi ya kwamba iko katikati.

Ili mnishauri kwa haki, nina uzito wa kilo 95 kabla ya kuvaa mavazi ya baridi, buti na mkoba. Sina hamu ya kupanda mteremko wazi moja kwa moja hadi kileleni. Ninachopenda ni kupenya kati ya miti na kukata mteremko kwa ubavu. Februari iliyopita niliingia kwenye korongo lenye theluji laini iliyonifika kiunoni, na nilipotaka kutoka, mashine ilijichimbia shimo mara tano mfululizo. Tulikuwa wawili, tukafukua kwa koleo muda wa saa mbili. Sipendi kununua mashine kwa hasira ya siku ile, ndiyo maana ninauliza.

FundiPistoni (Utah)

Ndugu, swali la kwanza nitalijibu kwa hesabu, kwa sababu mwinuko hauna ushabiki. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 70 ya ile ya pwani, na injini inayovuta hewa bila msaada hubakiwa na nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Sisi gereji hukadiria asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Maana yake ni kwamba injini ya 850 inayotoa nguvu za farasi 165 usawa wa bahari itakupa kati ya 110 na 120 utakapoishusha kutoka kwenye trela pale Vail Pass. Kompyuta yake itapunguza petroli ili mchanganyiko ubaki sahihi, lakini haiwezi kuumba hewa isiyokuwepo.

Wengi wetu tuliijua turbo kwanza kwenye malori yanayopanda Kitonga, na kazi yake hapa ni ileile: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na feni inasukuma hewa ndani. Tofauti ni kwamba injini nyingi za pikipiki hizi ni za mipigo miwili, na kwa miaka mingi waliotaka turbo walilazimika kufungiwa na mafundi nje ya kiwanda. Nimefungua injini kadhaa za namna hiyo nikakuta pistoni imetoboka katikati kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ndiyo maana Summit 850 E-TEC Turbo ya Ski-Doo, iliyotoka kwa mwaka wa modeli 2020, ilikuwa jambo kubwa: ilikuwa injini ya mipigo miwili yenye turbo kutoka kiwandani, na iliahidi kuzilinda zile nguvu za farasi 165 hadi futi 8,000, yaani mita 2,440 hivi. Turbo R iliyoifuata ilifikisha 180. Polaris ilijibu kwa Patriot Boost ya mwaka wa modeli 2022, ikidai kwamba inaizidi 850 yake ya kawaida kwa asilimia 10 usawa wa bahari na kwa asilimia 50 kwenye futi 10,000. Ziangalie vizuri hizo namba mbili za mwisho. Faida karibu yote iko juu, mahali ambapo wewe unaanzia siku yako.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, nunua turbo. Mtu wa Michigan, ambako hakuna mwinuko wa kutajwa, ningemwambia abaki na fedha zake.

Lakini zijue gharama zake. Petroli ya bei ya chini katika vituo vya Colorado ni ya okteni 85, nayo haifai kabisa. Weka ya 91, na madumu ya akiba yawe na hiyohiyo. Belti ya klachi inafanya kazi ngumu zaidi, basi beba ya ziada kila siku, hata siku unayodhani utazunguka karibu tu. Iache injini ipate joto kabla ya kuikandamiza. Na ukiamua kununua iliyotumika, jiepushe na yoyote ambayo kompyuta yake imechezewa ili kuongeza msukumo wa hewa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba aliirudisha ilivyokuwa.

BintiMakame (British Columbia)

Kuhusu injini sina la kumpinga kaka FundiPistoni. Naomba nizungumzie mkanda, na nianze kwa tahadhari: mimi ninaendesha upande wa Revelstoke, ambako mji wenyewe uko mita 480 tu na sehemu za juu za Boulder Mountain na Frisby Ridge zinapita mita 2,000 kwa kiasi kidogo. Huku watu wengi wanafurahia mashine zisizo na turbo, basi ukisikia mtu wa kwetu akisema turbo ni anasa, kumbuka anaposimama.

Mkanda ni mzunguko, na hili wauzaji hawalisemi. Tofauti ya 154 na 165 ni inchi 11, lakini kinacholala juu ya theluji ni karibu nusu ya mkanda; nusu nyingine iko juu, inarudi mbele. Hivyo unachopata ardhini ni inchi tano na nusu, yaani sentimita 14. Ukizidisha kwa upana wa inchi 16 wa Summit, ongezeko ni sentimita za mraba 570 hivi, pungufu kidogo ya karatasi ya A4. Karatasi hiyo moja ina thamani yake. Ndiyo inayokuwezesha kusita katikati ya mteremko, kusimama, kufikiri, kisha kuondoka tena bila kuzama. Pia inaizuia pua isiinuke kupita kiasi unapokandamiza mafuta. Kwa upande mwingine, kati ya miti iliyosongamana mkanda mrefu unataka kwenda mbele wakati wewe unataka kugeuka, na ukikwama una kitu kirefu zaidi cha kufukua.

Tena usilinganishe urefu wa chapa mbili bila kutazama upana. Mikanda ya RMK, yaani mashine za milimani za Polaris, ina upana wa inchi 15. Zidisha 165 kwa 15 upate 2,475. Zidisha 154 kwa 16 upate 2,464. Kwa eneo, mikanda hiyo miwili ni sawasawa, ingawa kwenye karatasi ya muuzaji mmoja unaonekana mrefu na mwingine mfupi. Ule mwembamba hulalia ubavu kwa urahisi zaidi, na mpana hubeba zaidi kwa urefu uleule.

Sasa maoni yangu. Mashine huelea kwa njia mbili, kwa eneo au kwa mwendo, na mwendo unatokana na nguvu. Ukiwa na turbo, 154 inaelea pale ambapo 146 yako ilizama, kwa sababu utaipitisha juu ya theluji kabla haijapata nafasi ya kuzama. Kwa mtu anayependa miti, ningechukua 154.

MkaziWaAurora

Asanteni sana. Hesabu ya upana imenifungua macho. Nilikuwa nimeandika urefu wa kila mashine katika daftari langu na sikuandika upana hata mmoja. Naomba mnisaidie jambo moja lililobaki: siku ile korongoni, kosa lilikuwa la mkanda au la injini? Nikilijua hilo nadhani nitajua nichague nini. Na je, urefu wa meno nao una uzito? Kuna ya inchi mbili na nusu na ya inchi tatu.

FundiPistoni (Utah)

Lilikuwa la vyote viwili, lakini si kwa namna unayodhani. Shimo linachimbwa wakati mkanda unazunguka haraka kuliko mashine inavyosonga mbele. Mashine yako haikuwa na nguvu ya kutosha kuusukuma mwili wake mbele, lakini ilikuwa na nguvu ya kutosha kuzungusha meno. Hapo ndipo ninapotofautiana na dada BintiMakame. Turbo haimwokoi mtu aliyekwisha kusimama. Ukikandamiza mafuta kutoka hali ya kusimama kwenye theluji laini, itachimba shimo lilelile, ila kwa sekunde mbili badala ya kumi. Theluji ya Colorado ni kavu na nyepesi, haishikamani mapema kama ile inayonyesha karibu na pwani ya Pasifiki, na siku za katikati ya majira ya baridi hukuti kitu kigumu chini yake cha kukusukuma. Kwa kilo 95, ukiongeza mavazi na mkoba, huku ukijifunza bado, utasimama mara nyingi kuliko unavyokusudia. Kwako wewe ningesema 165.

Zamani hoja dhidi ya mkanda mrefu ilikuwa kwamba injini iliyochoshwa na mwinuko haiwezi kuuzungusha kwa kasi inayotakiwa. Turbo imeiondoa hoja hiyo. 175 ni ya wapandaji wa miteremko wazi, na ninyi mnaopita kati ya miti itawachosha mikono kabla ya saa sita.

Meno ya inchi tatu ni bora kwenye theluji ya kina, na ndiko utakakokuwa. Ubaya wake huonekana njiani. Injini hizi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda chini ya mashine, na njia iliyobanwa ikawa ngumu hairushi kitu, basi joto hupanda haraka. Fungia vikwaruzo, yaani vyuma vya kukwangua njia ili theluji irushwe juu, kwenye reli za mkanda, uvishushe unapopita njia ngumu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na unachotaka kununua.

BintiMakame (British Columbia)

Naomba nirekebishe msimamo wangu kwa sehemu. Mimi nina kilo 60, na ninapotoa ushauri huwa nasahau kwamba ninaongea kwa uzito wangu mwenyewe. Tofauti ya kilo 35 ni kubwa kuliko karatasi ya A4. Kwa uzito wako, 165 si kosa, hasa ukichagua mkanda wa inchi 15 kwa upana. Ukichukua wa inchi 16, bado nina shaka kidogo kuhusu miti yako.

Lakini ngoja niseme lingine kabla hujalipa. Turbo na mkanda mrefu vitakufikisha kwenye miteremko ambayo mashine yako ya zamani ilikukataza bila wewe kujua kwamba inakukinga. Machi 2010, hapa Boulder Mountain, watu wengi walikuwa wamekusanyika kutazama mashine zikipanda mlima. Theluji ikaporomoka juu yao na watu wawili wakafariki. Theluji ya kwenu ina sifa ya kubeba tabaka dhaifu karibu na ardhi kwa miezi. Kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado hutoa utabiri kila siku wakati wa msimu. Usome kabla ya kutoka nyumbani, na kwenye mteremko apande mmoja mmoja huku wengine wakisubiri pembeni, si chini yake. Kama bei ya turbo itakulazimisha kuacha kozi ya maporomoko, au kununua kifaa cha mawimbi (cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji) cha bei rahisi bila koleo imara na fimbo ya kuchokonolea theluji, basi chukua isiyo na turbo.

MzeeWaTogwotee (Wyoming)

Wanangu mmeeleza vizuri, sina mengi. Kakodishe ya 154 siku moja na ya 165 siku nyingine, uzipeleke kwenye mteremko uleule, na kila moja uisimamishe katikati kwa makusudi uone kama itaondoka. Chagua ile iliyoondoka. Halafu pima trela yako kabla ya kusaini chochote.

MkaziWaAurora

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Kozi ya maporomoko nimeshajiandikisha. Itaanza Desemba, na fedha zake nimezitenga kando. Turbo nimeamua. Kati ya mikanda, nitakodi kama mzee alivyoelekeza, ingawa nakiri ninakwenda huko nikiitazamia 165 ya inchi 15. Trela nimeipima jioni hii: sakafu yake ni futi 10, nayo mashine ya 165 ina takriban futi 11 kutoka ncha ya ski hadi nyuma, kwa hiyo hata nikipata bei nzuri wiki hii sina pa kuipakia. Kama kuna aliyewahi kurefusha sakafu ya trela ya aina hiyo badala ya kununua nyingine, naomba anieleze alivyofanya.