Pakiti imeandikwa "inastahimili magonjwa". Magonjwa GANI?

Wakuu, leo nina hasira, mniwie radhi.

Nusu ya shamba langu la hoho imekwenda ndani ya siku tisa. Asubuhi mche umesimama, jioni umelala, na majani bado ya kijani kabisa. Ugonjwa ulianzia pale chini maji yanapotuama. Nikang'oa mmoja: shina linapogusa udongo lina pete nyeusi, kama lilifungwa kamba ya moto. Nikakata kipande, nikakichovya kwenye glasi ya maji safi. Ingekuwa mnyauko bakteria, ningeona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Wapi! Basi ni Phytophthora, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi na shina.

Narudi kwa aliyeniuzia, ananijibu, "Mbona hiyo mbegu inastahimili?" Nikageuza pakiti, nikavaa miwani. Tm:0. Basi, hakuna kingine! Yaani ni kinga dhidi ya virusi vya batobato ya tumbaku, tena lile kundi ambalo hata jeni dhaifu ya L1 inalimudu. Mimi nauawa na kitu cha udongoni, nyie mnanipa kinga ya virusi!

Na kinga ipo, hicho ndicho kinachonikera. Kuna pilipili ya kienyeji ya Morelos, Mexico, watafiti wanaiita CM334. Huu ugonjwa inaukatalia tangu mizizini, na minyoo fundo pia. Jenomu yake, yaani ramani nzima ya jeni zake, ilichapishwa 2014, si siri ya mtu. Chule nayo, ule ugonjwa wa kuozesha matunda, kinga yake imepatikana kwenye Capsicum baccatum na kwenye ukoo wa pilipili mbuzi.

Najua kazi si ndogo. Hiyo CM334 tunda lake ni dogo na kali. Ukiichanganya na hoho, ukali na udogo vinakuja humohumo, itabidi urudie kuchavusha na hoho vizazi kadhaa. Baccatum ndiyo balaa, viinitete vingi hufa kabla mbegu haijakomaa, vinaokolewa maabara. Sawa, nimeelewa. Ila kama hamjaifanya hiyo kazi, msiandike kama mmeifanya!

Halafu sote huku tumepanda chotara mmoja, eti kwa sababu tunda linang'aa. Shamba zima ni pacha: anayemuweza mmoja kawaweza wote. Na huyu Phytophthora ana jinsia mbili, A1 na A2, zikikutana zinazaa mchanganyiko mpya, na vijimbegu vyake vinalala udongoni miaka. (Na msiniambie nitunze mbegu za huyo chotara. Kizazi cha pili kila mche una sura yake.)

Mwenye pakiti ya hoho iliyoandikwa Pc, yaani Phytophthora capsici yenyewe, aweke picha hapa. Na wewe unayekuja kuniambia "ungepiga dawa": nilipiga. Mara tatu.