Mjadala: Gesi joto zetu tuzihesabu kwenye makaratasi au tuzipime hewani?

Mleta mada, Dodoma Mjini

Wakuu, salaam. Naleta hoja nikiwa na upande wangu tayari, ila naomba mnipinge pale mnapoona nimekosea. Nasema Tanzania ijenge uwezo wake wa kupima hewa ukaa na methani moja kwa moja hewani, hapa kanda ya kati, na vipimo hivyo vitumike kusahihisha hesabu ya gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, ambayo nchi inaipeleka Umoja wa Mataifa chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi.

Wengi tunadhani hesabu hiyo inatoka kwenye mtambo fulani unaosoma hewa. Haitoki huko, inatoka kwenye jedwali. Wataalamu wanachukua idadi ya ng'ombe, lita za mafuta zilizouzwa, tani za saruji, hekta za msitu zilizofyekwa, halafu kila kimoja wanakizidisha kwa kiwango, yaani makadirio ya gesi inayotoka kwa kila ng'ombe, lita, tani au hekta. Nchi isiyo na kiwango chake inaazima cha IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Mwongozo wa mwaka 2006 unasema ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa hutoa kilo 31 za methani kwa mwaka, mbuzi kilo 5. Ng'ombe wetu wamepita milioni 35, na wengi ni wa asili. Zidisha mwenyewe: tani milioni moja na ushee. Kiwango kikikosewa kwa kilo 5 tu, juu au chini, kosa ni tani 175,000 za gesi ambayo kila tani huhesabiwa kama tani 28 za hewa ukaa.

Ng'ombe wa Chemba mwezi wa kumi anakula mabua ya uwele na kutembea nusu siku kufuata maji. Mimi sioni kwa nini awekwe kapu moja na ng'ombe wa bara zima.

Kupima hewani kunafanyika hivi. Mrija unapandishwa kwenye mnara mrefu, hewa inavutwa hadi kwenye mashine ya leza inayosoma kiasi cha kila gesi. Kisha taarifa za upepo zinaingizwa kwenye kompyuta, nayo inarudi nyuma kuonyesha hewa ile ilipita wapi siku kadhaa kabla ya kufika. Ukishuka Chako ni Chako jioni, pua inakuambia kuku wako jikoni, na upepo unakuambia jiko liko upande gani. Mnara unafanya kazi hiyo hiyo kwa mamia ya kilomita. Na Dodoma imekaa mahali pazuri: kusi ukivuma, hewa inayotufikia imeshapita Pwani na Morogoro.

Kwamba njia hii inafanya kazi, tuna ushahidi. CFC-11 ni gesi iliyotumika kwenye povu na majokofu, ikapigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, na kufikia 2010 ilitakiwa isizalishwe tena. Kwenye makaratasi ilikuwa imekwisha. Mwaka 2018 watafiti wakaonyesha kwa vipimo vya hewa kwamba utoaji wake ulikuwa umepanda tangu 2012 hivi. Mwaka uliofuata, vituo vya Gosan huko Korea Kusini na Hateruma huko Japani vikaonyesha upepo uliobeba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ulitoka majimbo ya Shandong na Hebei, mashariki mwa China. China ikachukua hatua, na gesi ikaanza kushuka tena. Hakuna jedwali lingeliona hilo, kwa sababu mtu anayevunja sheria hajazi fomu.

Jirani zetu wameanza zamani. Kenya ina kituo mlimani kwao, mita 3,678 juu ya bahari, tangu 1999. Rwanda wanapima mlima Mugogo. Sisi ndiyo wenye nchi kubwa kuliko hao wawili kwa pamoja. Tuna kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, tuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, vijiji vya Kiteto na Bonde la Yaeda vinalipwa kwa kutunza misitu. Tumeingia sokoni. Nataka tuingie na mizani yetu.

Karibuni.

Mfugaji, Chemba

Mbukwenyi. Kaka, nimesoma yote, na umenitaja bila kujua, kwa hiyo nijibu.

Huko kwetu pampu ya kisima iliharibika mwezi wa nane. Hadi leo tunachimba mchangani kwenye korongo. Ukija na habari ya mnara wa kupima pumzi ya ng'ombe, mtu wa kwanza kukuuliza fedha imetoka wapi atakuwa mama yangu, na mimi sitakuwa na jibu la kumpa.

Lakini hofu yangu kubwa siyo fedha. Tangu nikiwa mtoto nasikia "punguzeni mifugo". Kwanza ilikuwa kwa ajili ya malisho, baadaye vyanzo vya maji, baadaye hifadhi. Kila sababu ilikuja na kipimo chake, na kila kipimo kilituangukia sisi. Kesho mnara ukisema methani imezidi upande wa Chemba na Kondoa, nani atasimama kusema hawa watu hawana gari wala kiwanda, hawajachangia hata chembe ya joto hili ukilinganisha na Ulaya na Marekani? Tutaletewa mnada wa lazima.

Nipe sababu ya kutoogopa, kaka. Sijaiona kwenye maelezo yako.

Mwalimu wa fizikia, Makole

Mleta mada, naunga mkono nia yako, ila umerahisisha mno.

Kwanza, mnara mmoja hautoshi. Kompyuta hairudi nyuma ikaleta jibu moja. Inaanza na makisio, na makisio hayo ni yale yale ya kwenye jedwali, kisha inayasogeza mpaka yalingane na kilichopimwa. Vipimo vikiwa haba, jibu linabaki karibu na makisio uliyoanza nayo. Utakuwa umezunguka mlango wa nyuma na kurudi kwenye karatasi ile ile.

Pili, na hili ndilo zito: Bahi. Tuna kinamasi cha Bahi hapa, kuna mbuga ya Wembere huko Singida na Tabora. Vinamasi vinatoa methani vyenyewe. Kwa hewa ukaa kuna njia nzuri ya kutenganisha, maana mafuta na makaa ya mawe yamekaa ardhini mamilioni ya miaka hadi kaboni-14, aina ya kaboni inayoisha yenyewe kadiri miaka inavyopita, yote imekwisha, wakati moshi wa mkaa wa miti bado unayo. Moto wa nyika wa kiangazi nao unajulikana kwa monoksidi ya kaboni inayopanda pamoja nao. Lakini methani ya tumbo la ng'ombe na methani ya tope la Bahi zote zimetengenezwa na vijidudu, na alama zake za kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, zinakaribiana sana. Mnara utakuambia methani imepanda. Hautakuambia kwa uhakika kama ni ng'ombe wa huyu ndugu wa Chemba au ni mvua imejaza kinamasi.

Tatu, mashine hizi zinahitaji mitungi ya gesi iliyopimwa kwa viwango vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na maabara inayotunza viwango hivyo iko Boulder, Marekani. Mtungi ukiisha na umeme ukikatika, mnara wako unabaki wa kutua njiwa.

Mkazi, Area D

Mimi nina dogo tu. Anzeni Chidaya. Dampo lile ndilo linalopokea taka za jiji lote, halisogei, halina kinamasi pembeni, na methani yake haiwezi kusingiziwa ng'ombe. Mtu apite na kifaa cha mkononi kwenye gari, upande upepo unakotoka na upande unakoelekea. Vijana wa UDOM wanaweza.

Mleta mada

Dada wa Area D, au kaka, nimechukua wazo lako zima. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Mwalimu, nakubali mnara mmoja hautoshi, na Bahi sikuifikiria hata kidogo. Lakini kuhusu gharama, Waingereza hawakujenga minara mipya yote. Walipandisha mirija kwenye minara ya mawasiliano iliyokuwepo. Sisi minara ya simu imejaa hadi Mpwapwa. Na kutenganisha ng'ombe na kinamasi kunaanzia chini: Nairobi pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wana vyumba maalumu wanamoingiza ng'ombe wa kienyeji kupima methani yake. Tukiwapima wetu hivyo, kiangazi na masika, makisio tunayoanza nayo yatakuwa yetu.

Ndugu wa Chemba. Pampu yenu itangulie, na sitaandika chochote cha kupunguza uzito wa hilo. Ila kwenye hofu yako nikuambie ninachokiamini: umeshahesabiwa. Kilo 31 kwa kila kichwa zimeandikwa bila mtu yeyote kuja boma lenu. Na setilaiti zinapita juu kila siku kusoma methani, za Ulaya na za Japani, na wenye nazo hawatasubiri ruhusa yako. Uingereza vipimo vya hewa vilionyesha gesi ya viyoyozi vya magari, HFC-134a, ilikuwa imeandikwa nyingi kuliko iliyokuwepo, na hesabu ikashushwa. Siwezi kukuahidi kwamba yako itashuka. Lakini leo ukisema ng'ombe wako wameandikiwa kisicho chao, huna cha kuonyesha.

Mfugaji, Chemba

Nimekuelewa, ingawa bado sijaridhika. Kama itafanyika, basi namba zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hazijapelekwa serikalini Mtumba. Na anayekuja kupima ng'ombe wangu aje mwezi wa kumi pia, alale kwetu, atembee nao hadi korongoni. Akija Machi peke yake wakati wameshiba, asiandike jina la Chemba.