Acheni kuwaambia watu "Science Museum ni bure, panda treni tu uende"

Wakuu, salaam.

Kila mgeni akiuliza humu jukwaani, awe Birmingham, Leicester au Reading, kwamba anataka kwenda peke yake London kutwa moja kuiona Science Museum, yale makumbusho ya sayansi, majibu ni yaleyale: "Kiingilio bure, kata tiketi mapema, panda treni." Kisha mjibuji anatoweka. Gharama ya jibu hilo anaibeba mwanafunzi anayehesabu pauni moja moja. Inaudhi mno.

Hiyo "tiketi ya mapema" mnayoisifu ni Advance. Ni nafuu, sawa, lakini inamfunga mtu kwenye treni ile moja iliyoandikwa. Mnamkatisha ya kurudi saa kumi jioni wakati makumbusho yanafungwa saa kumi na mbili, na mwisho wa kuingia ni saa kumi na moja na robo. Akichelewa akadandia treni inayofuata, anahesabiwa hana tiketi halali. Tangu Januari 2023, faini ya kusafiri bila tiketi halali England ni pauni 100 juu ya nauli ya safari moja, na inashuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Bei nafuu iko wapi hapo? Mtu asiye na ratiba ya kubanwa mwambieni aangalie Off-Peak Return, inayomruhusu kuchagua treni nje ya saa za msongamano. Na mwambieni asome masharti yake, kwa sababu baadhi ya njia zinazuia pia treni za jioni za kutoka London siku za kazi.

Halafu punguzo. Kuna mtu alishauriwa humu achukue Two Together, kadi ya punguzo la nauli ya treni. Jamani! Kadi hiyo ina majina mawili na inafanya kazi pale tu wote wawili wanaposafiri pamoja. Msafiri wa peke yake haimsaidii hata senti. Wanafunzi wetu wengi wa uzamili wamevuka miaka 25, na hakuna anayewaambia kuwa mwanafunzi anayesoma muda wote (full-time) anaweza kupata Railcard, yaani kadi ya punguzo, ya 16-25 hata akiwa na miaka 40, mradi chuo kithibitishe fomu yake. Ila ajue kwamba Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa nne asubuhi, kadi hiyo ina kiwango cha chini cha nauli cha pauni 12, isipokuwa Julai na Agosti. Na tiketi iliyokatwa kwa punguzo bila kadi yenyewe mkononi ni sawa na kutokuwa na tiketi. Vyote viwili vikiwa ndani ya simu, chaji ya simu ndiyo nauli yako ya kurudi. Beba pawabenki.

Kinachokera kuliko vyote ni hawa wanaomfikisha mtu stesheni kuu na kumwacha hapo. Tiketi iliyoandikwa "London Terminals" inaishia hapohapo. Treni ya chini ya ardhi unailipia kivyake. Gusisha kadi ya benki kuingia na kutoka, na iwe kitu kilekile: ukiingia kwa kadi ya plastiki ukatoka kwa simu, hata kama akaunti ni moja, mashine inaona watu wawili na kila mmoja anakatwa nauli ya juu kabisa.

Anayetokea Leicester anashuka St Pancras, na laini ya Piccadilly inampeleka moja kwa moja South Kensington, kituo cha karibu na makumbusho. Wa Birmingham akishukia Euston achukue laini ya Victoria hadi kituo cha Victoria, kisha Circle au District, vituo viwili. Wa Reading ndiye mnayemponza. Anashukia Paddington, na Paddington ina sehemu mbili za laini ya Circle! Aende ile ya upande wa Praed Street, apande treni inayopita High Street Kensington. Akiingia ile nyingine, iliyo pamoja na laini ya Hammersmith & City, ama atapelekwa Hammersmith ama atazungushwa King's Cross, Liverpool Street na Tower Hill kabla ya kufika. Hata akiwa upande sahihi, treni ya District ya Wimbledon haifiki South Kensington, inakatia Earl's Court. Akishaipanda, ashuke High Street Kensington asubiri Circle. Hili ni la sentensi mbili tu, mnashindwaje kuliandika?

South Kensington afuate njia ya chini ya ardhi ya waenda kwa miguu, ile ya tangu 1885, inayotokea Exhibition Road. Kiingilio ni bure kweli, lakini akate mtandaoni tiketi ya bure yenye saa ya kuingia kabla ya kuondoka nyumbani.

Na acheni kunakili orodha za zamani za vitu vya kuona. Rocket, kile kichwa cha treni cha mvuke cha Stephenson, iliondoka London 2018. Iko kaskazini mwa Uingereza, kwenye makumbusho ya reli. Anayependa injini za mvuke aende kuiona Puffing Billy, ya miaka ya 1813 na 1814, kichwa cha treni cha mvuke kikongwe kuliko vyote vilivyobaki duniani, na injini ya Boulton na Watt ya 1788 katika ukumbi wa nishati. Ghorofa ya kwanza ni kumbi za tiba zilizofunguliwa 2019, zenye vitu zaidi ya 3,000. Hizo pekee zinakula saa mbili. Ndege ziko ghorofa ya tatu, pamoja na Vimy ya Alcock na Brown iliyovuka Atlantiki 1919. Mwenye muda wa saa nne achague kumbi mbili au tatu, asikimbilie zote.

Jumapili aangalie kwanza kama njia yake ina ukarabati. Ikiwa nayo, sehemu ya safari ni kwa basi, na ratiba yote hiyo inabadilika.